Kutunza Ateri Baada ya Hedhi Kukoma: Mwongozo wa Mazoezi na Tiba ya Homoni kwa Akina Mama wa Nyanda za Juu Kusini

Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi anapotimiza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, ilhali hana mimba, hanyonyeshi, wala hatumii dawa inayozuia damu isitoke. Kwa wengi jambo hili hutokea kati ya umri wa miaka 45 na 55. Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu wako akina mama wengi wa Mbeya, Iringa na Njombe waliotumia sindano ya uzazi wa mpango kwa miaka mingi, na sindano hiyo huweza kukausha hedhi kabisa; anayeitumia hawezi kujua kwa kutazama kalenda tu kama siku zake zimekatika kwa umri au kwa dawa, na inampasa amwulize mhudumu wa afya kabla ya kujipangia hatua zinazofuata hapa.

Yanayosemwa sana kuhusu kipindi hiki ni joto la ghafla, jasho la usiku, usingizi wa kukatikakatika na hasira za karibu. Yasiyosemwa ni yale yanayotokea kimyakimya ndani ya ateri, yaani mishipa inayoitoa damu moyoni na kuisambaza mwilini. Mwongozo huu unahusu ateri hizo: namna ya kujua hali yake, namna ya kuzitunza kwa mazoezi katika nchi ya milima na baridi, na namna ya kuamua, ukiwa na daktari, kama tiba ya homoni, yaani dawa za kurudishia homoni za kike ambazo ovari (vifuko vya mayai ya uzazi) zimeacha kuzitengeneza, ina nafasi kwako. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mazoezi ni ya kila mama anayeweza kutembea, lakini homoni ni za mama mwenye sababu maalumu, na kulinda moyo peke yake hakuhesabiwi kuwa sababu hiyo.

Kinachobadilika ndani ya mshipa

Ateri yenye afya ina tabia ya mpira wa manati. Moyo unapopiga, ateri hutanuka na kuipokea damu, kisha hujirudi na kuisukuma mbele. Ndani yake umetandazwa utando mwembamba ambao hutengeneza gesi iitwayo nitriki oksaidi, na gesi hiyo huulegeza mshipa ili upanuke pale damu inapohitajika kwa wingi, kama unapopanda mlima. Estrojeni, ambayo ndiyo homoni kuu ya ovari, huusaidia utando huo kufanya kazi yake. Ovari zinapostaafu na estrojeni kushuka, gesi hiyo hupungua, kuta za ateri hukakamaa kwa kasi kubwa zaidi kuliko zamani, na lehemu mbaya hupanda katika damu, hasa katika mwaka unaoizunguka hedhi ya mwisho. Ndiyo maana mwanamke ambaye alipokuwa na miaka 40 presha yake ilikuwa chini ya ile ya mumewe, anaweza kumfikia na hata kumpita afikapo miaka 60.

Kukakamaa huko hujionyesha kwanza katika namba ya juu ya presha. Ateri ngumu haiwezi kulimeza pigo la moyo kwa kutanuka, kwa hiyo msukumo wote hupita ulivyo hadi kwenye mishipa midogo ya ubongo na figo, ambayo haikuumbwa kuvumilia mapigo ya namna hiyo kwa miaka. Kiharusi na figo zilizochoka huanzia hapo, na mwenyewe asihisi lolote.

Je, mazoezi yanaweza kuurudisha ulaini huo? Kuna matokeo mawili ya utafiti ambayo yafaa yasomwe pamoja, kwa sababu anayesoma moja tu hupotoka. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado nchini Marekani walichapisha habari za wanawake waliokwisha kukoma hedhi, ambao hawakuwa na mazoea ya mazoezi, wakatembezwa kwa mwendo wa haraka kwa muda wa miezi 3 hivi. Ateri kubwa ya shingoni ililainika, na ililainika kwa waliokuwa wakitumia homoni na kwa wasiozitumia vilevile. Mwaka 2013 kazi nyingine ya chuo hicho ikaonyesha upande wa pili: ule utando wa ndani, ukipimwa kwa uwezo wake wa kuupanua mshipa, uliboreka baada ya wiki 12 za mazoezi kwa wanawake waliopewa estrojeni, lakini haukuboreka kwa waliopewa dawa bandia, yaani ile isiyo na dawa ndani, ya kulinganishia tu.

Wapo waliochukua matokeo hayo ya pili wakasema kwamba bila homoni mazoezi ni kazi bure. Hiyo ni tafsiri ya haraka mno. Ukakamavu wa ukuta na utendaji wa utando ni mambo mawili, na kile cha kwanza kilijibu mazoezi bila homoni. Aidha, wanawake waliopimwa mwaka 2013 walikuwa wachache, na kilichopimwa kilikuwa kipenyo cha mshipa, wala si idadi ya waliopata kiharusi au shambulio la moyo. Kutembea kunashusha presha, kunasaidia sukari isipande na kunapunguza mafuta ya tumboni, estrojeni iwepo isiwepo. Ninachokiona mimi katika kazi hizo mbili ni kwamba mama asiyetumia homoni asikate tamaa, na mama anayezitumia asidhani kwamba kidonge kimemwondolea wajibu wa kutembea.

Kupima kabla ya kuanza

Hatua ya kwanza hufanyika kwenye kiti. Nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu upimwe presha, sukari, uzito na, panapokuwa na maabara yenye uwezo huo, lehemu. Usikubali kupimwa presha ukiwa ndiyo kwanza umeshuka kwenye bodaboda au umepanda ngazi. Kipimo cha haki hutaka ukae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili zimekanyaga sakafu, kibofu hakina mkojo, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, na kitambaa cha mashine kimefungwa juu ya ngozi tupu. Hilo la ngozi nalisisitiza kwa makusudi, kwa kuwa mwezi Julai kule Njombe na Makete mtu huingia kituoni amevaa sweta mbili na koti, na wapimaji wenye huruma hufunga kitambaa juu ya nguo ili asipate baridi. Namba inayotoka hapo si ya kuaminiwa. Chai, kahawa, sigara na mwendo wa haraka viepukwe nusu saa kabla ya kupima.

Presha ya kituoni inayofika 140 kwa 90 au zaidi, ikirudiwa kwa siku tofauti na kubaki hivyo, ni ugonjwa wa shinikizo la damu. Nyumbani mpaka ni wa chini kidogo, 135 kwa 85, kwa kuwa mtu akiwa kwake hutulia. Anayeweza kupata mashine, na hapa vikundi vya vicoba vingefanya jambo la maana kwa kununua moja ya kuzungushana, achague ile inayofungwa juu ya kiwiko badala ya ile ya kifundo cha mkono, apime asubuhi na jioni kwa siku 7, mara mbili kila awamu, azitupe namba za siku ya kwanza na kutafuta wastani wa zilizobaki. Wastani huo uandikwe kwenye daftari, kwa sababu ndio utakaosema ukweli baada ya miezi 3.

Kiuno nacho kipimwe kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa katikati ya mbavu za chini na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Kwa mwanamke, kuzidi sentimita 80 ni dalili ya kuanza kuangalia, na kuzidi 88 ni dalili ya hatari kubwa zaidi. Najua kwamba kwetu unene huo husifiwa kuwa ni matunzo, na simlaumu anayesifu. Ila mafuta ya tumboni hayasikii sifa.

Mama ambaye presha yake imefika 180 kwa 110 asianze mazoezi haya mpaka itakaposhushwa kwa dawa. Vivyo hivyo, anayeumwa kifua akijishughulisha, aliyewahi kupata kiharusi au ugonjwa wa moyo, mwenye kisukari cha miaka mingi, na yule ambaye vigimbi vya miguu humuuma akitembea na kutulia akisimama, wote hao waanzie kwa daktari. Maumivu hayo ya vigimbi yamezoeleka kuitwa uzee au baridi yabisi, ilhali yanaweza kuwa dalili ya ateri za miguu zilizoziba.

Kutembea katika nchi ya milima

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au ya nguvu kwa dakika 75 hadi 150, na aongeze mazoezi ya misuli angalau siku 2. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku 5. Mtu akisikia hivyo, jibu la kwanza ni: mimi nalima, nachota maji, nabeba kuni, mazoezi gani tena? Jibu hilo lina ukweli na lisipuuzwe. Mama anayepalilia mahindi Mbozi au kuvuna viazi Uporoto kutwa nzima amekwisha kutimiza dakika zake, na wiki hizo haina haja ajiongezee mzigo. Tatizo ni kwamba kilimo kina msimu. Baada ya mavuno hupita miezi ambayo mwili hauna kazi ya maana, na ateri hazina akiba: faida ya mazoezi huanza kupungua ndani ya wiki chache tu za kukaa. Na wako wengine, kama akina mama wanaouza Mwanjelwa au Soko Kuu la Iringa, ambao hukaa kwenye stuli tangu saa 12 asubuhi hadi jioni, wakachoka kweli, lakini uchovu wao ni wa kukaa na kelele, si wa moyo uliofanya kazi.

Kasi ya kutembea inapimwa kwa mdomo. Ukiwa na mwendo unaofaa unaweza kumweleza mwenzako jambo kwa sentensi nzima, lakini huwezi kuimba ubeti wa pambio bila kukatisha ili uvute pumzi. Ukiweza kuimba, ongeza kasi. Ukishindwa kusema maneno matatu, punguza. Kipimo hiki ni bora kuliko kuhesabu mapigo ya moyo, hasa kwa wanaotumia atenolo au propranolo, kwa sababu dawa hizo huyazuia mapigo yasipande na kumfanya mtu adhani hajajitahidi.

Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Iringa karibu mita 1,600, na Njombe inakaribia 2,000. Aliyezaliwa au kuishi huku mwili wake umezoea hewa hiyo nyepesi, lakini mama aliyepanda juzi kutoka Kyela, ambako ni karibu mita 500 tu, au aliyetoka Dar es Salaam kuja kumuuguza mjukuu, apunguze mwendo kwa siku kadhaa za mwanzo. Faida ya nchi hii ni milima. Kupanda mlima mdogo kwa mwendo wa taratibu huupa moyo kazi ambayo kwenye tambarare ungeipata kwa kukimbia, na akina mama wengi wa umri huu magoti yao hayataki kukimbia. Kushuka ndiko kunakoumiza magoti, kwa hiyo ushuke kwa hatua fupi, na ikiwezekana upande kwa miguu na kurudi kwa bajaji. Mimi mwenyewe nilipoanza kupanda kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini nilisimama mara 4 nikijifanya natazama Ruaha Mdogo kule chini. Hakuna aliyedanganyika, ila kusimama kunaruhusiwa.

Mpangilio wa wiki 12 unaweza kwenda hivi. Wiki 2 za mwanzo tembea dakika 10 hadi 15 kwenye njia tambarare, siku 4 kwa wiki, bila kuangalia kasi, ili viungo vizoee. Wiki ya 3 na ya 4 fika dakika 20 na uanze kutumia kile kipimo cha pambio. Kuanzia wiki ya 5 hadi ya 8 panda polepole hadi dakika 30 kwa siku 5, na katika siku 2 kati ya hizo tafuta njia yenye mwinuko. Wiki 4 za mwisho ongeza vipande vya mwendo mkali: dakika 2 za kupanda kwa nguvu, dakika 3 za kupumua, mara 4 au 5. Nusu saa hiyo si lazima iende kwa mkupuo. Dakika 10 za kwenda sokoni, 10 za kurudi na 10 za jioni zinahesabika. Dakika 5 za kwanza ziwe za mwendo wa kawaida, na za mwisho vivyo hivyo. Kusimama ghafla baada ya kupanda huweza kuleta kizunguzungu, hasa kwa anayetumia dawa za presha za kukojosha.

Baridi ina kanuni zake. Hewa baridi huibana mishipa na kupandisha presha, kwa hiyo kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Agosti sioni haja ya kujitia ushujaa wa saa 11 alfajiri. Subiri jua litoke, tembea saa 2 asubuhi au saa 10 jioni, funika masikio na mikono, na vua koti mwili ukishapata moto. Msimu wa mvua, na Tukuyu mvua ni karibu mwaka mzima, kilicho hatari ni utelezi, kwani mifupa nayo hudhoofika baada ya hedhi kukoma na kuanguka kidogo kunaweza kuvunja nyonga. Vaa raba zenye kucha na uziache kandambili nyumbani. Siku isiyotembeleka, panda na kushuka kizingiti au ngazi moja ya baraza kwa dakika 15, au cheza nyimbo za kwaya ukiwa sebuleni. Moyo hauulizi mahali.

Jambo la ushirika nisilipite. Anayetembea peke yake huacha. Jumuiya na vicoba hukutana kila wiki kwa saa iliyopangwa, na kutembea pamoja dakika 30 kabla ya kikao hakudai gharama yoyote. Wasafwa, Wanyakyusa, Wahehe na Wabena wote wana desturi ya akina mama kwenda pamoja, iwe kuni, iwe msiba. Njia imekwisha kuzoeleka.

Misuli, na namna ya kupumua

Mazoezi ya misuli hufanywa siku 2 au 3 zisizofuatana. Kaa na kuinuka kwenye kiti bila kujishika, mara 8 hadi 12, pumzika, rudia. Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani, jisogeze na kujisukuma kwa idadi hiyohiyo. Nyanyua madumu ya maji kwa mikono miwili, ukikumbuka kwamba lita 1 ni kilo 1, hivyo madumu mawili ya lita 3 yanatosha kuanzia. Simama kwa vidole vya miguu ukijishika meza, kisha jaribu mguu mmoja kwa sekunde 10 ili kujenga mizani.

Kosa moja lirekebishwe tangu siku ya kwanza. Mtu akinyanyua kitu kizito hubana pumzi, na pumzi iliyobanwa huirusha presha juu ghafla. Toa pumzi wakati wa kunyanyua, vuta wakati wa kushusha. Kanuni hii ifuatwe pia unapojitwika ndoo.

Simama mara moja na utafute msaada ukipata kifua kubana, maumivu yanayoelekea mkononi, shingoni au tayani, jasho baridi, pumzi kukatika kuliko kawaida, au kizunguzungu cha kutaka kuanguka. Kwa wanawake shambulio la moyo mara nyingine huja kwa sura ya kichefuchefu, uchovu usioelezeka au maumivu ya mgongo wa juu, na kwa sababu hiyo huishia kutibiwa kama vidonda vya tumbo. Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, hicho ni kiharusi, na safari ya hospitali haingoji kesho. Mwenye kisukari anayetumia insulini atembee na pipi au sukari mfukoni.

Chumvi, mafuta na moshi

Hapa nitapita upesi. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ikihesabiwa ile ya mboga, ya kachumbari na iliyomo kwenye vikolezo vya pakiti. Parachichi la Rungwe na Njombe, maharage, mboga za majani na samaki wa Ziwa Nyasa ni chakula kizuri kwa ateri, na bahati ni kwamba viko sokoni kwetu kwa bei inayovumilika. Kitimoto cha kukaanga kila Ijumaa hakimo katika orodha hiyo. Ulanzi na komoni hupandisha presha kama pombe nyingine, hata kama vimetengenezwa nyumbani.

Moshi unastahili neno la ziada, kwa kuwa mama aliyepikia kuni kwa miaka 30 amevuta vumbi la masizi ambalo huharibu ateri kwa njia inayofanana na ile ya sigara. Jiko litolewe kwenye chumba kisicho na dirisha, au dirisha liongezwe. Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kulala nalo siku za baridi: gesi yake haina harufu, na huua.

Tiba ya homoni: kuamua pamoja na daktari

Historia yake fupi inafaa ijulikane, kwa kuwa ndiyo iliyozaa hofu na matumaini yaliyopo. Kwa miaka mingi madaktari wa nchi za Magharibi waliamini kwamba estrojeni ingewalinda wanawake na ugonjwa wa moyo. Mwaka 1998 jaribio la wanawake 2,763 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo halikuonyesha kinga, na mwaka wa kwanza wa tiba ulileta matukio mengi zaidi ya moyo. Mwaka 2002 jaribio kubwa la Marekani lijulikanalo kama Women's Health Initiative lilisimamisha sehemu yake ya wanawake 16,608 waliopewa estrojeni pamoja na projestini (dawa ya jamii ya projesteroni, homoni nyingine ya ovari) au dawa bandia. Katika kila wanawake 10,000 waliotumia homoni kwa mwaka mmoja, waliongezeka 7 wenye matukio ya moyo, 8 wenye kiharusi, 8 wenye damu iliyoganda mapafuni na 8 wenye saratani ya matiti. Walipungua 5 wenye kuvunjika nyonga na 6 wenye saratani ya utumbo mpana. Mwaka 2004 sehemu ya waliopewa estrojeni peke yake, ambao walikuwa wamekwisha kutolewa kizazi, nayo ikasimamishwa, kwa kuwa kiharusi kiliongezeka.

Wastani wa umri wa wanawake hao wa 2002 ulikuwa miaka 63, na hapo ndipo swali la wakati lilipozaliwa. Jaribio la ELITE, lililochapishwa mwaka 2016, liliwagawa wanawake 643: waliokoma hedhi chini ya miaka 6 iliyopita na waliokoma miaka 10 au zaidi. Unene wa ukuta wa ateri ya shingo uliongezeka polepole zaidi kwa waliopewa estrojeni mapema, lakini kwa waliochelewa dawa haikuleta tofauti. Kwa lugha ya shambani, dawa inayokinga mche haiufufui uliokwisha kukauka. Hata hivyo unene wa ukuta ni kipimo tu, na kwa hiyo miongozo ya kitaalamu ya leo haimwandikii mtu homoni kwa ajili ya kulinda moyo.

Anayefaa kuzifikiria ni mama aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajafikisha miaka 10 tangu hedhi ikome, na ambaye joto la ghafla na jasho la usiku vinamkosesha usingizi au kazi. Mazoezi, kwa mazuri yake yote, hayajathibitika kuuzima moto huo, na si haki kumwambia mama anayebadilisha shuka mara 2 kwa usiku kwamba aende akatembee. Wa pili ni mwanamke ambaye hedhi ilikoma kabla ya miaka 40, au aliyetolewa ovari zote mbili akiwa kijana. Huyo kwa kawaida hushauriwa kutumia homoni hadi karibu miaka 50, umri ambao ovari zingekoma zenyewe, kwa sababu ateri na mifupa yake imepokonywa estrojeni mapema mno.

Asiyefaa ni aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi, shambulio la moyo au damu kuganda kwenye mishipa, mwenye ugonjwa wa ini unaoendelea, na mwenye kutokwa damu ukeni bila sababu kujulikana. Damu yoyote inayotoka baada ya mwaka mzima wa ukavu ichunguzwe kwanza, hata ikiwa ni tone, kwa kuwa inaweza kutoka kwenye saratani ya shingo ya kizazi au ya mji wa mimba.

Ukienda kwa daktari wa magonjwa ya akina mama, mwulize mambo haya. Mwenye kizazi apewe estrojeni pamoja na projesteroni au dawa ya jamii yake, kwa kuwa estrojeni peke yake huweza kuleta saratani ya ukuta wa kizazi; aliyetolewa kizazi hahitaji ya pili. Uliza kama kibandiko au jeli ya kupaka kwenye ngozi vinapatikana, maana estrojeni ya kumeza hupita kwenye ini na kuongeza vigandishi vya damu, wakati ile ya ngozi haina hatari hiyo kwa kiasi hicho. Anayesumbuliwa na ukavu wa uke tu anatosheka na krimu ya kupaka hapohapo, ambayo dozi yake ni ndogo na huingia kidogo sana kwenye damu.

Lipo jambo linalotuhusu sana mikoa hii, kwa kuwa Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi mengi ya virusi vya UKIMWI nchini. Baadhi ya ARV, kama efavirenzi, na dawa ya kifua kikuu ya rifampisini, hupunguza nguvu ya homoni mwilini. Mama anayetumia dawa hizo amweleze daktari bila kuficha. Virusi vyenyewe pia huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo, hivyo kutembea na kupima presha ni muhimu zaidi kwake kuliko kwa jirani yake.

Vidonge vya uzazi wa mpango visitumike kama mbadala eti kwa kuwa navyo ni homoni. Estrojeni iliyomo kwenye vidonge vyenye homoni mbili ni kali zaidi kuliko ya tiba hii, na kwa mwanamke aliyepita miaka 50, hasa mwenye presha, hatari ya damu kuganda na kiharusi ni kubwa. Mizizi na unga unaouzwa mnadani kwa jina la kurudisha homoni hauna kipimo kinachojulikana, na wakati mwingine anayeutumia huacha dawa zake za presha akidhani amepona.

Aliyeanza tiba arudi baada ya miezi 3 apimwe presha na kuangaliwa dalili, kisha kila mwaka ajadili upya na daktari kama bado anaihitaji, pamoja na kupimwa matiti. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye kigimbi, au kifua kikichoma ghafla ukivuta pumzi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Safari ndefu ya basi kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam pia ina tahadhari yake: shuka kila basi linaposimama, tembea, na ukiwa kwenye kiti chezesha vifundo vya miguu, ili damu isitulie mahali pamoja.

Wiki ya 12 ikiisha, rudia kile kipimo cha siku 7 na ulinganishe wastani huo na wa mwanzo. Kwa mwenye presha ya juu, mazoezi ya namna hii hushusha namba ya juu kwa milimita 5 hadi 8 hivi, kiasi ambacho hakihisiki mwilini lakini ateri hukijua. Ukiwa unatumia dawa na namba zimeshuka, usizipunguze mwenyewe. Peleka daftari kwa aliyeziandika. Na wastani ukiwa bado ni 135 kwa 85 au zaidi, peleka daftari hilohilo, anzishiwa au ongezewa dawa, na kesho yake saa 2 asubuhi ufunge kamba za raba kama kawaida.